Turubai Iliyopiga Makofi Mpaka Kyumbi

Wacha nianze na aibu yenyewe, mwanangu, ndio usije ukaisikia kwa watu ukadhani nilikuficha. Iko siku nilitolewa ndani ya boti pale Kyumbi, kando ya lami, mahali ambapo maji ya karibu ni yale ya kuoshea machungwa. Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya turubai, vumbi imejaa mpaka ndani ya masikio, mikono imekataa kuachilia kamba, na suruali imepasuka kutoka kiunoni kushuka chini. Mtu wa kwanza kunitambua alikuwa rafiki ya mama yangu mzazi, na alinitambua kwa huo upande uliopasuka.

Cheka umalize. Mimi nitangoja.

Umemaliza? Haya, sasa sikia ilivyokuwa, juu jana nimeona kijana fulani akipita hapa akivuta boti, turubai inapepea kama bendera ya shule, na yeye ako ndani ya gari anakula karanga. Nikasema, Mungu wangu, huyu ni mimi amerudi.

Wakati huo nilikuwa kijana, nimehamia kwa mjomba wangu kule Masinga, karibu na bwawa. Shule ilikuwa imeniacha mapema. Wengine husema waliacha shule. Mimi ukweli ni kwamba shule ndiyo iliniacha, ikaendelea na safari yake. Nikawa navua samaki na kuvusha watu kwa mtumbwi wa mbao uliokuwa unavuja, kiasi kwamba abiria wangu alikuwa analipa nauli na bado anapewa kopo ya kutoa maji. Akina mama wenye mimba walikuwa wanavuka hivyo kwenda kliniki ng'ambo. Mmoja aliniambia afadhali ajifungulie nyumbani kuliko ajifungulie kwa tope langu, na hakuwa anatania.

Basi watu wa kanisa wakachanga, wakapata boti ya injini. Lakini ilikuwa wapi? Lukenya! Tajiri mmoja alikuwa nayo kwa trela nyuma ya nyumba yake, katikati ya mawe na mbuzi, mahali hakuna hata dimbwi la kuogea bata. Boti nyeupe, ina kioo mbele, ina viti vya kukalia kama mtu. Haikuwa imewahi kulowa isipokuwa na mvua.

Mwenyekiti wa kamati ya kanisa alikuwa Mzee Ndambuki, mtu wa maneno machache na macho mengi. Akaniita mbele ya watu. Akasema, "Mutua, hii boti itahitaji nahodha. Wewe uliomba, na Muthama pia aliomba. Nenda uilete. Ikifika bila alama, kazi ni yako. Ikifika imechubuka, nitajua utachubua na watu."

Nikasema, "Mzee, boti mimi nimezaliwa nayo."

Uongo gani huo! Nimezaliwa Kyumbi, kando ya barabara, na mama anauza matunda.

Sasa nikachukua rafiki yangu Kilonzo, ambaye alikuwa na pikap ya mjomba wake, tukaenda Lukenya. Boti tukaipata imefunikwa na turubai ya bluu, imewekewa fimbo ndani za kuiinua ndio maji ya mvua yateleze. Imefungwa na kamba ya katani hapa na pale, fundo kama za kufunga kuku wa sokoni. Kilonzo akaizunguka. Akaishika pale mbele, akaivuta, ikainuka mpaka akaona viti.

"Mutua, hii imelegea."

"Imelegea wapi? Si imekaa hapa miaka na haijatoka?"

"Imekaa. Haijakimbia. Tuifunge upya ama tuitoe."

"Kilonzo, wewe ni mwoga. Endesha gari, boti uniachie mimi."

Mwanangu, hapo ndipo ujue kwamba mtu anayejua kitu kidogo ni hatari kuliko asiyejua chochote. Mimi kwa maji nilikuwa najua jambo moja: upepo ukija na mtumbwi ukianza kucheza, unakaa katikati, chini, unakuwa mzito. Mtumbwi unatulia. Basi nikafikiri, upepo wa maji na upepo wa lami si ni ndugu? Nikaamua nitaingia ndani ya boti, chini ya turubai, nishike kamba, nikae katikati niwe mzigo wa kuituliza. Mimi! Siku hizo nilikuwa na uzito wa kuku wa kienyeji aliyenyimwa mahindi.

Nikamwambia Kilonzo, "Kukiwa na shida nitagonga boti. Ukisikia nimegonga, simama."

Akaniangalia sana. Akaingia kwa gari.

Ile njia ya murram, ya changarawe, kutoka kwa tajiri ilikuwa sawa. Nikajisifu kule gizani. Tukaingia barabara kubwa ya Mombasa, gari ikakolea, na turubai ikapumua. Enyewe ilianza kama kupumua tu. Halafu upepo ukaingia na mbele, ukakosa pa kutokea, juu nyuma nilikuwa nimekaza kama mdomo wa gunia. Turubai ikafura ikawa kama mandazi. Fimbo za ndani zikaanguka, moja ikanipata kichwani. Halafu lori kubwa ikatupita, puuu! Turubai ikainuka na mimi nikainuka nayo. Mguu mmoja ulikuwa kwa kiti na mwingine sikujua uko wapi. Suruali ndiyo hapo ilipokata tamaa.

Nikagonga. Nikagonga tena. Lakini turubai yenyewe ilikuwa inapiga makofi kuliko mimi, pa-pa-pa-pa, na ncha za kamba zinachapa ubavu wa boti kama mwalimu wangu wa hesabu. Nani angesikia? Nikapiga nduru. Nikaomba Mungu kwa Kiswahili, nikaona anachelewa, nikaomba kwa Kikamba. Nikaskia tu gari imepunguza mwendo, inatambaa, na malori yanapiga honi nyuma. Nikasema hata gari imechoka, kumbe leo ni siku ya kufa kila kitu.

Ndio tukasimama Kyumbi.

Akina mama wa matunda walikuwa wamesikia hiyo makofi kutoka mbali, wakafikiri ni kampeni. Walikuja na mabeseni kichwani. Kilonzo akafungua kamba ya nyuma, turubai ikatoa pumzi, na mimi nikamwagika kama mahindi kwa debe.

 Halafu Mama Mwende, rafiki ya mama yangu, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa siku hata moja, akaita kwa sauti ya kufika Machakos mjini:

"Mama Mutua! Kuja uone! Kumbe ulizaa samaki!"

Mama akapita katikati ya watu. Hakucheka. Alifungua leso kiunoni akanifunga mbele ya kila mtu, vile alikuwa ananifunga nikiwa mdogo. Halafu akaniuliza pole pole, "Ulikuwa unafanya nini huko ndani?"

"Nilikuwa nashikilia turubai, mwaitu," nikamwambia, vile sisi Wakamba huita mama.

"Na wewe ulikuwa umeshikiliwa na nani?"

Nikaangalia ile kamba mikononi mwangu.

Akasema, "Sikia, Mutua. Kioo ya boti ikivunjika, watu watanunua kioo. Wewe ukitupwa hapo kwa lami, niende kukununua duka gani?"  Mama Mwende akaangalia machungwa yake. Mwanangu, nimewahi kuchapwa na fimbo, na mkanda, na hata na mwiko. Hakuna iliyoniuma kama hiyo swali.

Ndio mama akageukia boti. Akainua turubai pale mbele, akapitisha kidole. Pale kamba ilikuwa inachapa, rangi ilikuwa imefifia, alama kama ya kiganja.  Nikaona Muthama amekaa kwa kiti cha nahodha, nikajiona mimi nimerudi kwa kopo la kutoa maji.

"Imekwisha," nikasema. "Mzee Ndambuki ataiona akiwa mbali."

"Ngoja kwanza kulia. Mkono wako uko na nini?"

Nikaangalia kiganja. Vumbi ya Lukenya, ile ya machimbo ya mawe, laini na kali.

"Hiyo ndiyo imekuwa ikisugua," mama akasema. "Turubai haina meno. Mchanga ndio uko na meno. Umefunika mtoto wa watu na shuka ya mchanga halafu ukamtingisha kutoka Lukenya."

Akachukua kitambaa chenye maji na sabuni, akapangusa pole pole. Halafu akasugua na ganda la chungwa, vile alikuwa anang'arisha sufuria zake. Alama ikapungua, ikapungua, ikabaki kivuli, halafu hata kivuli sikukiona tena. Ilikuwa imeanza kula juu juu tu. Tungeenda hivyo mpaka Masinga, ingekula ikafika kwa mfupa.

Nikarukia kamba nifunge haraka tuondoke. Mama akanishika mkono.

"Kuni zangu umewahi kuziona zikinichubua mgongo?"

"Hapana, mwaitu."

"Kwa nini?"

"Juu unakaza."

"Hata punda hukazwa na bado anachubuka. Zangu hazinichubui juu zinatembea na mimi. Mzigo ukianza kutembea peke yake, unamla anayeubeba."

Nikajifanya mjuaji kidogo, unajua ujana. Nikasema, "Lakini mwaitu, hii ni boti, si kuni."

"Na wewe ndani ulikuwa nini? Nanga?"

Wale akina mama walicheka mpaka moja ya mabeseni ikaanguka. Nikawa mwanafunzi, na nakuambia hiyo ndiyo darasa pekee niliyomaliza.

Tulianza kwa kutoa turubai yote, tukaikung'uta, tukaipangusa ndani, na boti tukaipangusa pia. Zile fimbo tukazitoa. Mama akasema hema ni ya kulala, sisi tunasafiri. Ndani ya boti tukatoa kila kitu kinachoweza kuruka. Pembe za kile kioo cha mbele, na kila mahali palipochomoza, akaweka matambara yaliyokunjwa, vile mwanamke anaweka kitambaa kwa paji la uso kabla ya kuvaa mukwa, ule mkanda wa ngozi wa kubebea kuni. Ndio turubai ikarudi, na akaanza kuikaza mbele, kwa pua ya boti.

"Upepo unaingia na mdomo," akasema, "hauingii na mkia. Wewe ulifunga mkia ukaacha mdomo wazi, kama mtu fulani namjua."

"Nimesikia!" Mama Mwende akajibu.

Kamba zikapitishwa chini ya tumbo la boti, zikarudi juu upande wa pili, zikakatana kama msalaba, na chini ya kila moja tukaweka kitambaa isiguse rangi. Ncha za kamba akazifumbata ndani zisichape. Pale mbele kabisa kamba yetu ikakosa kufika. Mama akaenda kwa kibanda chake akarudi na mukwa wake mwenyewe. Ule aliokuwa nao tangu nikiwa mgongoni, umekuwa mweusi na laini kwa jasho la paji lake.

"Mwaitu, sasa wewe utabebea kuni na nini?"

"Nitaomba wa Mama Mwende, na nitamlipa kwa kumsikiliza. Peleka boti." Halafu akanionyesha kidole. "Mukwa ukivaliwa mara ya kwanza hudanganya. Mzigo ukitembea kidogo unajipanga, mkanda unalegea. Hakuna mwanamke anabeba kuni kutoka mlimani mpaka nyumbani bila kusimama akaze tena. Tembea kidogo, simama, shika. Ukiskia aibu ya kusimama, kumbuka aibu ya leo."

Nikaingia mbele na Kilonzo, nimefungwa leso ya maua kiunoni, na tukatoka Kyumbi tukipigiwa vigelegele vya kejeli.

Hatujafika mbali nikasema, "Simama." Nikashuka, nikashika. Haki ya Mungu, kamba zilikuwa zimelegea vidole viwili. Nikakaza. Karibu na Machakos nikashuka tena, na sasa zilikuwa zimelegea kidogo tu. Tukapanda, tukazunguka na upande wa Mitaboni, na ilikuwa siku ya soko. Watu walitoka kwa maharagwe na mbuzi wakatuzunguka. Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, meli hii unaipeleka wapi na hapa ni kwa mahindi?"

"Tunamtafuta Nuhu," nikamwambia.

"Amepita hapa asubuhi. Lakini hakuwa amevaa leso."

Kilonzo akataka tupite haraka, juu kicheko kilikuwa kingi. Mimi nikashuka hapo hapo katikati ya soko, na leso yangu, nikapiga magoti nikaangalia chini ya tumbo. Kamba moja ilikuwa imeteleza, kitambaa chake kimetoka, imeanza kugusa rangi. Ningesikia aibu nisishuke, kazi yangu ingebaki Mitaboni. Nikarudisha kitambaa, nikakaza, nikapungia watu mkono kama mheshimiwa.

Kule chini kwenye tambarare ya kwenda Masinga, upepo ukatupata kweli kweli. Kimbunga cha vumbi kikakatiza barabara, mabati ya kibanda fulani yakalia. Nikatoa kichwa dirishani nikatega sikio nyuma. Kimya. Turubai ilikuwa imelala juu ya boti kama ngozi juu ya ngoma ambayo hakuna mtu anaipiga. Nikapiga kelele ya furaha mpaka Kilonzo akafunga breki akidhani nimetupwa nje.

Tukafika jua likiwa bado juu. Watu walikuwa wamejaa kando ya bwawa. Muthama alikuwa amesimama mbele, na nisikufiche, alikuwa amekuja na kofia ya nahodha tayari kichwani. Mzee Ndambuki hakunisalimia. Alifungua turubai mwenyewe, akazunguka boti pole pole, kiganja juu ya rangi, kama mtu anayenunua ng'ombe. Akafika pale. Mahali penyewe. Mkono ukasimama. Akainama, akanusa.

"Mbona boti inanuka machungwa?"

 Nikasema, "Mzee, hapo ilianza kuchubuka. Tukasimama Kyumbi, mama akaiokoa."

"Najua," akasema. "Simu ya Kyumbi ilifika kabla yenu. Nilikuwa nataka kujua kama utaniambia." Akapitisha mkono mara ya mwisho, akasimama wima. "Sijaona alama. Na mtu ambaye amewahi kufunga vibaya, akafungua, akafunga tena, huyo ndiye nitamwachia watoto wa watu. Muthama, mpe kofia."

Mwanangu! Vigelegele vilivyopanda hapo havikuwa vya kejeli. Boti iliteremka kwa trela ikaingia maji, ikaelea nyeupe kama maziwa, na mimi ndani nimevaa kofia ya Muthama na leso ya mama yangu. Nimeona maharusi wengi, lakini hakuna aliyependeza kunishinda siku hiyo. Ile boti imevusha watu miaka na miaka. Watoto waliovuka tumboni wamerudi kuvuka wakienda sekondari, wengine wananiita guka, yaani babu, na mimi bado ni kijana.

Basi shika hii. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndio maana tunaufunga ovyo. Mzigo uliopewa, ufunge kama uko juu ya mgongo wako mwenyewe. Safisha kabla ya kufunika, juu uchafu mdogo uliofunikwa ndio hula ndani. Kaza mbele kabla ya nyuma. Mahali pako pa kuchomoza paweke kitambaa, hata kwa maneno, hata kwa ndoa. Usione haya kusimama njiani ukakaza tena. Hakuna fundo la asubuhi linalojua upepo wa mchana. Upepo ukikushinda kabisa, toa turubai uikunje, boti ikinyeshewa itakauka. Na usiwahi, mwanangu, usiwahi kuweka mtu ndani ya boti inayovutwa ati awe uzito. Ukiona wewe ndiye umekuwa kamba, jua hukufunga.

Mungu akupe barabara nyororo na upepo wa nyuma. Akupe mzigo wa kubeba, juu asiye na mzigo hana anakoenda, na akupe mtu wa kukuvalisha leso siku utakayopasuka. Ufike bila alama.

Ule mukwa mama alikataa kurudishiwa. Uko pale, umening'inia kwa msumari, na kila ninapovuta boti, huo ndio huufunga mbele, kwa pua.

Na Kilonzo? Jioni hiyo tulikuwa tumekaa juu ya ile trela tupu, miguu inaning'inia, tunakula samaki. Nikamwambia, "Ndugu yangu, bahati yangu mbaya, pale barabara kubwa uliposhindwa kunisikia nikigonga."

Akatoa mwiba mdomoni, akautazama.

"Nilikusikia kutoka ile ya kwanza," akasema. "Si nilipunguza mwendo nikatambaa? Lakini nilikuambia imelegea ukaniita mwoga. Nikasema, huyu nikisimama hapa tutabishana mpaka kesho. Wacha nimpeleke pole pole kwa mama yake."